Mwaka wa Hamsini na Deni Letu



Kamati ya sherehe ilipogawa kazi za kijitabu hiki, ofisi ya katibu ilipewa historia. Majina ya walimu wa kwaya tangu 1975, picha za sare zetu na orodha ya kanda na sidii tulizorekodi mtazipata katika kurasa nyingine. Hapa tunaandika juu ya jambo moja tu ambalo tumeliimba miaka yote 50, nalo ni kusamehe. Tumeliimba kwenye arusi, kwenye mazishi, kwenye mikutano ya injili na kwenye mashindano ya kwaya. Lakini tulipofungua kabati la ofisi ili tutafute kumbukumbu za kuandika historia hii, tulikuta jambo lililotunyamazisha. Tutalieleza kabla hatujamaliza. Kwanza tuanze na neno lenyewe, jubilei.

Neno hili tumelitoa katika Mambo ya Walawi sura ya 25. Wana wa Israeli waliagizwa wahesabu miaka saba mara saba, na mwaka wa 50 tarumbeta ilie nchi nzima. Mwaka huo aliyeuza shamba lake kwa shida alirudishiwa. Aliyejiuza kuwa mtumishi kwa sababu ya deni alirudi kwa jamaa zake akiwa huru. Ni vizuri tukumbuke hivyo tunapokata keki. Jubilei ya kwanza ilikuwa mwaka wa watu kurudishiana vilivyo vyao.

Safari ya Murang'a

Katika maandalizi ya mwaka huu kwaya ilisafiri kwenda Murang'a, mji ambao wazee wetu waliuita Fort Hall. Kutoka Thika si mbali, ni kama saa moja kwa gari. Tulikwenda kuona Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Wafia Dini Wote. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, wakati nchi yetu ikiwa bado katika hali ya hatari. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kula kiapo.

Ndani ya kanisa hilo kuna picha kubwa zilizochorwa ukutani mwaka 1959 na msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kule Kilimanjaro. Zinaonyesha maisha ya Bwana Yesu tangu kuzaliwa hadi msalabani, na Yesu huyo ni Mwafrika, katika milima na mashamba kama haya yetu. Vijana wetu wa sauti ya tatu walisimama pale kwa muda mrefu. Mmoja akauliza, "Kwani huyu alisulubiwa huku kwetu?" Mwalimu wa kwaya hakumjibu mara moja. Baadaye, ndani ya basi, tulizungumza jambo hilo mpaka tukafika Thika.

Waliokataa kiapo na bunduki

Ili tuelewe kanisa lile, turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1930 uamsho ulianza katika misheni ya Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda. Mwaka 1937 ndugu wa uamsho huo walifika Kabete, na kutoka hapo moto ukasambaa Kiambu na Murang'a. Wazee wetu waliwaita watu hao ahonoki, yaani waliookoka. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, bado tunauimba mpaka leo, hata sisi tusiojua Kiganda.

Watu hawa walikuwa na desturi moja waliyoiita kutembea nuruni. Mtu aliyeokoka hakuomba toba kimoyomoyo tu. Alisimama mbele ya wenzake akataja alichofanya. Kama aliiba jembe, alilirudisha kwa mwenyewe. Kama alimchukia jirani, alikwenda kwa jirani huyo akamwambia. Wamisionari Wazungu nao walisimama mbele ya Waafrika wakakiri majivuno yao, jambo ambalo siku hizo lilikuwa la kushangaza sana. Kwao msamaha na ukweli vilikuwa kitu kimoja.

Kisha ikaja taabu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Tusiwafundishe watoto wetu kwamba vita vya Mau Mau vilianza kwa uovu tu. Vilianza kwa ardhi. Thika yenyewe ilikuwa imezungukwa na mashamba ya mkonge na kahawa ya walowezi, na Ruiru vivyo hivyo, huku wenye nchi wakibanana katika maeneo waliyotengewa au wakifanya kazi ya kibarua katika mashamba hayo. Wapiganaji walitaka ardhi na uhuru, na walikuwa na sababu.

Katika vita hivyo ahonoki walijikuta katikati. Walikataa kiapo, wakisema kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo katika Meza ya Bwana na hawawezi kuichanganya na nyingine. Kwa hiyo wapiganaji waliwaona kuwa wasaliti. Serikali nayo iliwataka wabebe silaha pamoja na walinzi wa vijiji, wale walioitwa ngati. Wengi wao wakakataa hilo pia, wakisema hawawezi kumuua mtu ambaye Kristo alimfia. Kwa hiyo serikali nayo ikawashuku. Walipigwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa.

Hata nyimbo ziligawanyika. Jambo hili linatuhusu sana sisi wanakwaya. Siku hizo watu wa Mau Mau walitunga nyimbo zao kwa tuni za nyimbo za kanisani, wakaziimba katika mikutano, na serikali ikazipiga marufuku. Kwa hiyo tuni ileile ilisikika Jumapili kanisani na usiku msituni, na waliokuwa wakiimba mara nyingi walikuwa ndugu wa tumbo moja. Tunapofundishana sauti leo, tukumbuke kwamba baadhi ya tuni hizi ziliwahi kuimbwa na watu waliokuwa wakiogopana.

Maumivu ya miaka ile hayakuwa ya upande mmoja. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kule Lari, katika Kiambu hii yetu, watu zaidi ya 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, na nyumba zao zikachomwa. Kisasi kilichofuata kikaua wengine wengi. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kwa nguvu kutoka katika maboma yao na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Wako akina cucu katika kanisa letu ambao walizaliwa ndani ya vijiji vile. Ukiwauliza, wengine watakueleza, na wengine watakuambia uwaletee maji ya kunywa kisha waanze kuzungumza juu ya mvua.

Vita vilipokwisha, aliyelishwa kiapo, aliyekikataa, ngati na aliyerudi kutoka kizuizini walirudi kuishi ukingo mmoja, kuteka maji mto mmoja na kuketi katika kanisa moja. Hapo ndipo somo la kusamehe lilipokuwa gumu. Kumsamehe adui aliye mbali ni rahisi kuliko kumsamehe yule ambaye ng'ombe wake analisha karibu na shamba lako.

Kusamehe na kusahau

Tarehe 12 Agosti 1963 Mzee Jomo Kenyatta, ambaye nyumbani kwake Gatundu si mbali na hapa, alikutana na walowezi Wazungu mjini Nakuru. Alikuwa amekamatwa usiku ule ule hali ya hatari ilipotangazwa, akahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu, akarudi nyumbani Agosti 1961. Walowezi walimwogopa. Yeye akawaomba wasameheane na wasahau yaliyopita. Hotuba ile ilituliza nchi, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Kenya ingeweza kuwaka moto mwaka ule.

Lakini sisi tunaofundisha historia shuleni tumeona kwamba maneno mawili yalifungwa pamoja siku ile, kusamehe na kusahau, na lile la pili lilitugharimu. Wapiganaji wa msituni waliambiwa wasahau. Wengi walirudi wakakuta mashamba yao yamegawiwa wengine. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliyowekwa na mkoloni haikuondolewa hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya Uhuru. Miaka yote hiyo wazee wale walikuwa bado wahalifu kwa mujibu wa sheria ya nchi waliyoipigania.

Baadaye baadhi yao waliishtaki serikali ya Uingereza huko London. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa katika kambi zile, akaeleza masikitiko ya serikali yake. Fidia ilikubaliwa kwa wazee 5,228, na mwaka 2015 mnara wa kuwakumbuka walioteswa ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Fedha hizo zilipogawanywa hazikuwa nyingi kwa mtu mmoja. Lakini jambo lililokuwa limefichwa miaka 50 lilitajwa hadharani. Mtu aliyeumizwa akiambiwa asahau, anaumizwa mara ya pili. Akiambiwa, "Ni kweli, tulikutenda hivi," anaweza kuanza kupona.

Ndiyo maana tunampenda sana Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, mtoto wa uamsho ule ule wa Rwanda. Kabla ya kuwa askofu alikuwa mwalimu kama baadhi yetu, na alifundisha miaka mingi Dodoma. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe walivuka mpaka usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Alieleza baadaye kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa imeanza kumkausha rohoni, mpaka Ijumaa Kuu akiwa London alipomtazama Kristo msalabani akiwaombea waliompigilia misumari. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake liliwashangaza wengi, kwa maana alisema anampenda Idi Amin.

Lakini angalieni alivyosamehe. Hakurudi Uganda akajiweka tena mikononi mwa Amin. Alirudi 1979 Amin alipokwisha kuondolewa. Wala hakunyamaza juu ya mauaji. Alizunguka dunia nzima akiyataja. Mama anayepigwa nyumbani, au kijana aliyeharibiwa na mtu anayemwamini, asiambiwe na yeyote katika kanisa hili kwamba kusamehe ni kurudi chini ya ngumi na kunyamaza. Kusamehe ni kukataa kisasi. Kukataa ukweli ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 2008

Sisi wenyewe tuliwahi kujaribu njia ya kunyamaza. Thika ni mji wa viwanda, na Ruiru imejaa watu kutoka kila pembe ya nchi. Kwa hiyo kwaya yetu imekuwa na Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, Waluo na Wakisii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipasuka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa huko Kiambaa, karibu na Eldoret, watu wakiwa wamekimbilia humo, na wapatao 35 walikufa. Jina la mahali pale ni lile lile la Kiambaa yetu ya Kiambu. Baadhi ya waumini wetu walikuwa na jamaa huko Eldoret.

Huku kwetu nako uchungu ulitafuta wa kumwangukia. Waimbaji wetu wanne waliotoka magharibi mwa nchi waligongewa mlango wa ploti usiku na kuambiwa wahame kabla ya kuche. Mwanakwaya mmoja aliyekuwa na pikapu aliwabeba pamoja na watoto wao hadi kituo cha polisi. Mungu ambariki. Wengi wetu wengine tulizima taa tukasikiliza.

Mapatano ya kitaifa yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Mwezi wa Machi mazoezi yakaanza tena. Wale wanne walikuja siku ya kwanza. Tuliwasalimu, tukapasha sauti, tukaimba, tukafunga kwa sala. Hakuna aliyetaja lolote. Tulidhani huo ndio msamaha, kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kufikia Pasaka wote wanne walikuwa wameacha kuja. Hawakutukana mtu wala kuandika barua. Tuliwakosa kwa sababu tulitaka watusamehe jambo ambalo hatukuwa tayari kulitaja.

Karatasi ndani ya solfa

Sasa tufike kwenye jambo la kabatini. Tunaliandika kwa idhini ya kamati, ya wazee wa kanisa, na ya mhusika mwenyewe, ambaye hatutamtaja jina.

Mwaka 1994 kwaya ilirekodi kanda yake ya kwanza. Fedha zilipatikana kwa harambee mbili, moja Thika na moja Ruiru. Mahali tuliporekodi tulitakiwa tulipe kwa awamu mbili. Kanda zilipochelewa, tuliambiwa kwamba awamu ya pili, shilingi 18,000, haijafika. Mweka hazina wetu, mtu wa Ruiru, mwimbaji wa besi, alisema alilipa na akaleta risiti ofisini. Risiti haikuonekana. Kitabu cha kumbukumbu kinaonyesha mikutano mitatu mwezi ule, na kila mmoja una maneno makali kuliko uliotangulia. Jumapili moja ya Septemba, baada ya matangazo, ilisomwa mbele ya kanisa zima kwamba amesimamishwa kwa kupoteza fedha za Mungu. Mke wake na watoto wake walikuwa wameketi pale.

Katika wiki mbili aliuza ng'ombe wake mwenye mimba, akaleta shilingi 18,000 taslimu, akaondoka. Waimbaji 11 wa Ruiru waliondoka naye. Majina yao yamekatwa kwa kalamu nyekundu katika rejista yetu. Tangu hapo kila mwaka tumesema katika maombi kwamba tunawasamehe waliotuacha. Tumesema hivyo kwa miaka 31.

Mwezi wa Machi mwaka huu, tukipanga karatasi kuukuu za solfa ili tuchague nyimbo za sherehe hii, karatasi ndogo ilianguka kutoka katikati ya wimbo mmoja wa Pasaka. Ilikuwa risiti. Ina muhuri, ina sahihi, ina tarehe ya Agosti 1994, na ina kiasi cha shilingi 18,000. Mtu aliipokea ofisini, akaiweka ndani ya karatasi alizokuwa nazo mkononi, akasahau. Ofisi hiyo ilikuwa ya katibu, ndiyo hii inayowaandikia. Aliyekuwa katibu wakati ule amelala katika Bwana na hawezi kujieleza, na hatumlaumu kuliko tunavyojilaumu. Karatasi ilipotezwa na mtu mmoja, lakini hukumu tuliitoa sote.

Basi muone tulivyokuwa tumekaa. Katika mfano wa Bwana Yesu, Mathayo sura ya 18, yuko mtumishi aliyesamehewa deni kubwa kisha akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Sisi tulimzidi. Tulimkaba koo mtu ambaye hakuwa na deni lolote, kisha tukajisifu kwamba tumemsamehe.

Mwenyekiti, mzee mmoja aliyekuwa katika mikutano ile ya 1994, na katibu walikwenda nyumbani kwake Ruiru. Shamba lake sasa limezungukwa na nyumba za kupangisha za ghorofa tano, lakini bado analima sukumawiki karibu na ukuta. Mke wake alitukaribisha chai. Tulimpa mzee risiti. Aliitazama mbele na nyuma, akavua miwani, akaivaa tena. Yule mzee wetu alitaka kuanza kueleza mambo yalivyokuwa wakati ule, na mwenye nyumba akamwinulia mkono.

"Usinieleze," akasema. "Nilikuwepo."

Tuliomba msamaha. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo tumeyaandika katika kitabu cha kumbukumbu kama alivyoyasema: "Watoto wangu, kusamehe nilianza siku nyingi, maana nilitaka kulala usingizi. Sijamaliza. Lakini mlinisema kanisani. Nisafisheni kanisani."

Tulimweleza pia kwamba kamati inataka kumrudishia fedha. Tulihofia kwamba angekataa kwa heshima nasi tungerudi na fedha zetu mfukoni na moyo mwepesi. Hakukataa. Alicheka kidogo akauliza kama tunajua shilingi 18,000 za mwaka ule zilikuwa ng'ombe wa namna gani. Tulirudi tukaketi, na uamuzi ni huu: atarudishiwa ng'ombe, mwenye mimba kama yule aliyeuzwa. Michango ya kwaya imekwisha kutosha, na hakuna harambee itakayofanywa leo kwa ajili ya jambo hilo. Ni deni letu, si la wageni wetu.

Tulichojifunza

Tumejifunza kwamba amri ya Bwana Yesu ya kusamehe saba mara sabini inamwelekea aliyeumizwa, na ni neno kati yake na Mungu. Aliyeumiza hana ruhusa ya kuichukua na kuifanya fimbo ya kumharakisha mwenzake. Kazi ya aliyeumiza ni nyingine. Ni ile ya ahonoki wa zamani: kusimama, kutaja, kurudisha, kisha kungoja. Hao waliokumbukwa kule Murang'a walikataa kiapo na wakakataa bunduki kwa sababu waliamini jirani yao bado ni wa Kristo hata akikosea. Kama wao waliweza kusimama hivyo mbele ya kifo, sisi tutashindwaje kusimama mbele ya kanisa letu wenyewe na kusoma karatasi moja?

Kwa hiyo leo, kama mtakavyoona katika programu, baada ya matangazo, mahali palepale aliposomwa mwaka 1994, mwenyekiti atasoma tamko la kwaya. Litasema kwamba mweka hazina wetu hakupoteza hata senti moja, kwamba tulimhukumu bila haki, na kwamba tunaomba msamaha kwake, kwa mke wake na kwa watoto wake. Majina 11 yaliyokatwa yamekwisha kuandikwa upya katika rejista, yakiwemo ya watatu waliolala. Kuhusu wale wanne wa mwaka 2008, tumewapata wawili kwa simu, na tumewaambia kwa maneno yetu wenyewe kwamba usiku ule tulizima taa. Mmoja ameahidi kuja. Mwingine alishukuru akakata simu, na tunaliheshimu hilo.

Tukifika wimbo wa mwisho, tunawaomba wote waliowahi kuimba nasi tangu 1975, wa Thika na wa Ruiru, waje mbele. Hamhitaji sare. Sauti ya nne ina nafasi upande wa kulia, karibu na dirisha, ambako besi imesimama siku zote. Asiye tayari akae alipo, wala mtu asimvute mkono. Wimbo huo tutauimba mwakani pia, na mwaka unaofuata, na nafasi itakuwepo.

Bwana awabariki nyote.

Katibu, kwa niaba ya kwaya